Kidole Nje, Magazini Chini

Bunduki za mtindo wa AR-15 hazikutukumbuka sisi watu wa mashoto. Kitufe cha kuachia magazini, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa chini ya bunduki, kiko ubavu wa kulia, pale ambapo kidole cha shahada cha mtu wa mkono wa kulia kinakifikia bila kutafuta. Kufuli la usalama liko kushoto, linamsubiri yeye huyo huyo na dole gumba lake. Maganda ya risasi yanarukia kulia, yaani mbele ya pua yangu. Eugene Stoner na wenzake walipoichora miaka ya 1950 walikuwa na jeshi kichwani, na jeshi likishapanga watu upande mmoja halirudi kuuliza nani ameachwa.

Vipuri vya pande mbili vinauzwa, sikatai. Lakini wenzo wa kuachia magazini unaowekwa kushoto huwa mwembamba, na ukivaa glavu unaupapasa weee mpaka mashindano yaishe. Nikaamua kuchora wa kwangu.

Kazi yake ni ya bembea: ncha moja ukiibonyeza, ncha ya pili inalitoa jino lililoshika magazini, na magazini inashuka kwa uzito wake. Kinachokupinga ni springi. Nikaurefusha wenzo kutoka milimita 10 hadi 20 kuanzia kwenye pini, nguvu ya kubonyeza ikashuka nusu. Hapo nikanogewa. Nikaupanua, nikauchonga mikwaruzo kidole kisiteleze, nikachapa mfano wa plastiki kwa printa ya 3D, kisha fundi wa mashine akanitolea wa aluminiamu. Nyumbani, bunduki tupu mezani, ulikuwa unaitikia kabla hata sijamaliza kuugusa.

Sasa twende uwanjani. Kwenye mashindano ya shabaha ya kukimbia na kupiga, msimamizi anakufuata nyuma hatua kwa hatua, kipima muda mkononi, macho kwenye kidole chako. Kama hupigi, kidole kitoke kwenye kifyatulio, kinyooke ubavuni mwa bunduki. Sheria nzuri sana, imeokoa miguu mingi. Ila kidole cha mtu wa mashoto kikinyooka ubavuni kinalala kushoto. Na kushoto, mahali pale pale, palikuwa pamelala wenzo wangu.

Kipima muda kikalia. Nikapiga shabaha ya kwanza risasi mbili safi, nikaanza kukimbilia ya pili.

“Kidole!” akafoka mzee msimamizi.

Nikanyoosha kidole. Magazini iliyojaa, karibu nusu kilo, ikatua kwenye kiatu chake.

Nikachomoa nyingine kiunoni, nikaisukuma mpaka ikalia “kwa!” Nikapiga hatua.

“Kidole, kijana!”

Nikatii. Ikashuka.

Bunduki hizi zikibaki na risasi moja ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu, zinaipiga hata kama magazini haipo. Kwa hiyo mchezo wangu ukawa hivi: weka magazini, piga moja, sikia kishindo chini, inama. Alama hugawanywa kwa sekunde, na sekunde zangu zilikuwa zinatembea zenyewe. Kudondosha bunduki kungenitoa mashindanoni papo hapo. Kudondosha magazini hakuna adhabu, ni aibu tu, na aibu ilikuwa imetapakaa kuanzia mstari wa kuanzia hadi shabaha ya mwisho. Watazamaji walikuwa wanahesabu kwa sauti. Kuna mtoto aliyekuwa anashangilia kila ikianguka.

Bunduki ilipokaguliwa na kuonekana tupu, mzee akanivuta pembeni.

“Unanitania?”

“Hapana mzee, ninakutii.”

Hilo jibu halikunisaidia. Nikamwambia tatizo ni kule kunyoosha kidole, akasema amesimamia watu tangu sijazaliwa na hajaona kidole kinachodondosha magazini. Akaichukua bunduki, akaweka magazini tupu, akaishika. Kulia, bila shaka. Kidole chake kikalala ubavu wa kulia, mbali kabisa na wenzo. Akatembea nayo huku na huku. Akageuka ghafla. Akaitikisa. Magazini ikakaa kimya, ina adabu zake.

“Mbona kwangu haidondoki?”

“Mzee, wewe umeishika kulia.”

“Kushika bunduki ni kushika bunduki.”

Akanirudishia. Watu walikuwa wameshajaa. Nikaipokea kwa mkono wa kushoto taratibu mno, pumzi nimeibana, kidole nimekiinua juu hewani kisiguse kitu. Mzee akakiona.

“Kidole ubavuni!”

Safari hii ilitua kwenye kiatu cha pili.

Akaifungua fomu yangu ya matokeo, akatafuta sehemu ya maelezo, akaandika kwa herufi kubwa ili nisome vizuri: BUNDUKI NZIMA. TATIZO MSHIKAJI.