Usiniambie Unazijali Familia, Niambie Ulipiga Kura Gani

Msimu wa mchujo wa 2026 umefika Texas na sanduku langu la barua limejaa tabasamu. Kila siku karatasi nene inayong'aa: mgombea, mkewe, watoto, mbwa. Mbwa hakosi. Juzi niliisoma moja mbele na nyuma, kwa makini ninayoweka kwenye mkataba wa nyumba, nikitafuta sentensi moja tu ambayo mpinzani wake hangekubali kuichapisha kwenye karatasi yake. Anazijali familia. Haya, nani amewahi kugombea kwa kuzichukia? Atapunguza gharama ya maisha. Atalinda huduma ya afya. Atatengeneza mfumo wa uhamiaji. Juu ya ukurasa waliandika kwa herufi kubwa kwamba hii ndiyo misimamo yake kuhusu masuala makuu ya taifa, na humo ndani hamkutajwa mswada hata mmoja. Na huyu si mgeni Washington. Ameshapiga mamia ya kura, zote zimeandikwa kwa jina lake, na ameamua kwamba mimi nitafaidika zaidi kumjua mbwa wake.

Afadhali diwani wa kwetu anayeahidi kisima. Mwaka wa pili unaenda kuangalia kama kuna maji.

Lakini hasira yangu kubwa si ya huyo bwana. Ni yetu sisi. Mnakumbuka tarehe 25 Juni 2024? Bunge la Nairobi lilipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na kabla jua halijatua orodha ya majina ilikuwa imezunguka dunia nzima. Kundi letu la WhatsApp hapa Dallas halikulala. Watu ambao hawajakanyaga Kenya tangu Kibaki alipokuwa Ikulu walijua mbunge wa kwao alipiga ndiyo, alipiga la, au alijificha. Nambari za simu za waheshimiwa zilisambazwa, na kuna mzee wetu mmoja, mtu mpole wa kanisani, aliyempigia mbunge wake saa tisa usiku ya huku ili amuulize kwa Kiswahili fasaha kama hana mama.

Sasa mwulize mzee huyo huyo yuko wilaya ya ngapi ya Congress, bunge la Marekani. Mwulize mwakilishi wake ni nani. Mwulize alipiga kura gani usiku ule ambao nusura pesa anazotuma kila mwezi zikatwe. Utaona anavyotafuta miwani.

Nakubali, shingo upande, kwamba hapa Texas tuna kisingizio. Agosti mwaka jana bunge la jimbo lilichora upya mipaka ya wilaya katikati ya muongo, ili Warepublikan wavune viti vitano zaidi. Wademokrat wakatorokea Illinois kuzuia akidi, wakarudi, ramani ikapita, kesi zikaenda mpaka Mahakama ya Juu, na Desemba ikasema ramani itumike. Kwa hiyo hata uliyekuwa unajua wilaya yako huenda umeamkia nyingine bila kuhama nyumba. Sawa. Lakini kuijua ni kazi ya dakika mbili kwenye simu, na dakika mbili tunazo, maana nawaona mkibishana kuhusu Arsenal.

Nirudi kwenye usiku ule wa pesa za kutuma nyumbani. Mei 2025, ndani ya ule mswada mkubwa wa ushuru, H.R. 1, alioubatiza Trump jina la "mzuri", kamati ya Baraza la Wawakilishi ilichomeka ushuru wa asilimia 5 kwa pesa zinazotumwa nje na yeyote asiye raia. Yeyote. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, mwenye viza ya kazi, mkimbizi aliyeletwa na serikali hiyo hiyo. Ulipofika ukumbini ulikuwa umeshuka hadi asilimia 3.5, na asubuhi ya Mei 22, baada ya wabunge kukesha, mswada mzima ukapita kwa kura 215 dhidi ya 214.

Hesabu na mimi. Anayetuma dola 300 kwa mwezi angekatwa dola 10.50 kila mara, zaidi ya shilingi 1,300, juu ya ada ya kampuni na juu ya ushuru aliokwisha kukatwa kwenye mshahara. Nchi yetu ilipokea karibu dola bilioni 5 kutoka ughaibuni mwaka 2024, na hakuna nchi inayochangia fungu kubwa kama Marekani. Hizo ndizo karo, dawa za sukari za mama, mabati, matanga. Kura moja! Na angalieni kura hiyo ilivyokuwa: Mrepublikan mmoja alisimama katikati, hakusema ndiyo wala la. Wengine wawili wa chama hicho hawakupiga kabisa, na mmoja wao, kwa maelezo ya Spika mwenyewe, alipitiwa na usingizi. Upande wa pili, Mdemokrat mmoja alifariki siku moja kabla, na kiti cha Houston, cha marehemu Sylvester Turner aliyefariki Machi, kilikuwa kitupu. Hakikujazwa hadi mwisho wa Januari mwaka huu. Watu wa wilaya hiyo ya Houston, mji wenye Wakenya na Wakongo tele, hawakuwa na mtu wa kuwapigia kura hiyo hata kama wangetaka.

Seneti ndiyo iliyoufyeka ule ushuru hadi asilimia 1, na ukabaki kwa pesa taslimu na hundi za kununua dukani tu. Ukituma kutoka akaunti ya benki au kadi ya Marekani hauguswi. Trump akatia sahihi Julai 4, na makato yakaanza Januari 1, 2026. Najua mtaniambia basi yameisha, sisi tunatumia programu za simu. Kweli, wengi wetu tumeponea hapo. Nenda basi Vickery Meadow, mtaa wa wakimbizi hapa Dallas, ukasimame dukani Jumamosi nyuma ya mama wa Kikongo kutoka Uvira anayesafisha ofisi usiku, ambaye bado hajaizoea benki, anayetoa noti zake moja moja na kuzihesabu mara mbili. Yeye hakuponea. Ushuru huu umemkwepa mwenye akaunti ukamfuata asiyekuwa nayo, na safari hii hata ukiwa raia unalipa. Na mlango ukishafunguliwa kwa asilimia 1, kuuongeza ufike 3 au 5 hakuhitaji sheria mpya kabisa, kunahitaji mstari mmoja uliochomekwa kwenye mswada mwingine saa nane za usiku.

Mexico walipiga kelele. Rais wao, Claudia Sheinbaum, aliusema hadharani tena na tena, na maseneta wao wakapanda ndege kwenda Washington. Sisi tulisambaza video.

Sasa mkamate mgombea aliyepiga ndiyo siku hiyo. Hatakwambia alipiga ndiyo kwa ushuru wa pesa zako. Atakwambia alipunguza ushuru wa ovataimu. Na hapo, kwa bahati mbaya, hasemi uongo. Kuanzia mwaka wa ushuru wa 2025 hadi 2028, ile nyongeza inayolipwa juu ya mshahara wa kawaida unaweza kuiondoa kwenye mapato yanayotozwa ushuru wa serikali kuu, mpaka dola 12,500 kwa mwaka. Nusu ya Wakenya ninaowajua hapa wanaishi kwa ovataimu, shifti mbili katika nyumba za kutunza wazee, usingizi kwenye gari. Imewasaidia, na nawapongeza. Lakini sheria hiyo hiyo imeibana Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na ofisi ya bajeti ya Congress yenyewe ilikadiria kwamba kufikia 2034 watu milioni 10 zaidi watakuwa hawana bima. Wazee mnaowageuza kitandani, wengi wao wanalipiwa na nani kama si Medicaid? Na wakimbizi ambao hawajapata kadi ya ukaazi wa kudumu wameondolewa kwenye msaada wa chakula. Yote hayo kura moja. Ndiyo maana karatasi inayong'aa haitaji mswada: ndani ya mswada kuna cha kujisifia na cha kuficha, na mbwa hana cha kuficha.

Ile ahadi ya kutengeneza mfumo wa uhamiaji nayo haisemi chochote, na nina ushahidi. Juni 27, 2013 Seneti ilipitisha mswada wa uhamiaji kwa kura 68 dhidi ya 32. Ulifungua njia ya uraia kwa mamilioni wasio na karatasi. Tulishangilia, mimi nilishangilia. Mswada huo huo ungefuta DV, ile bahati nasibu ya viza iliyowaleta hapa nusu ya waliokuwa wakishangilia. Haukufika hata kupigiwa kura kwenye Baraza la Wawakilishi, ukafa hivyo hivyo. Kwa hiyo mgombea akikwambia anaunga mkono mageuzi ya uhamiaji, swali lako la pili liwe: na DV je? Na wakimbizi je, waliowekewa kikomo cha 7,500 mwaka wa fedha wa 2026, kutoka 125,000 mwaka wa mwisho wa Biden? Kikomo hupangwa na rais, ndiyo, lakini Congress ndiyo iliyotunga sheria ya 1980 inayompa kalamu hiyo, na Congress ndiyo yenye mfuko.

Mengine nitayataja mbiombio. AGOA, sheria inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru: waliiacha muda wake ukaisha Septemba 30, 2025 ndipo wakaanza kukimbizana, huku mafundi cherehani wa Athi River wakingoja. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI: Julai mwaka jana dola milioni 400 zilikuwa zimewekwa kwenye orodha ya kukatwa, Seneti ikaziondoa, lakini mabilioni mengine ya misaada ya nje yakaenda. Mwulize mgombea wako angesimama wapi.

Mwaka jana mmoja wao alikuja kwenye harambee yetu, ukumbi wa kanisa. Sitasema ni nani wala chama gani, na haijalishi, wote wamefundishwa na mwalimu mmoja. Alisema "Jambo!" tukapiga makofi kama vile ametafsiri Zaburi. Alikula nyama choma kwa mikono, akacheza, akapigwa picha na akina mama wa chama. Kijana mmoja, muuguzi, akanyanyua mkono akamwuliza kuhusu ushuru wa pesa za kutuma nyumbani. Akajibu kwamba hilo ni swali zuri sana, kwamba anaiheshimu sana jamii yetu yenye bidii, na kwamba babu yake pia alikuja nchi hii kwa meli. Kisha mwenyekiti akachukua kipaza sauti, akasema tusimchoshe mgeni. Tusimchoshe mgeni! Mtu amekuja kuomba kazi, na sisi waajiri tunaona haya kumhoji.

Kuna wanaosema haya yote ni kelele za bure kwa sababu wabunge hufuata chama tu. Mara nyingi hufuata, sibishi. Lakini Desemba mwaka jana Warepublikan wanne walitia sahihi ombi la Wademokrat la kulazimisha ruzuku za bima ya Obamacare zifike ukumbini, zikatimia sahihi 218, na uongozi wa chama chao haukupenda. Mgombea atakwambia amedhamini miswada kumi mizuri. Kudhamini ni bure. Kila kipindi cha miaka miwili miswada zaidi ya 10,000 huletwa na iliyo mingi haisomwi na mtu. Mwulize ni ombi gani la kulazimisha kura ametia sahihi yake huku mabosi wake wakimkodolea macho. Na kama hajawahi kuwa Congress, hiyo si kinga: mtajie mswada na tarehe, angepiga nini?

Nyinyi ambao bado si raia, msijaribu kupiga kura, itawagharimu makazi yenu hapa. Lakini mnahesabiwa kwenye sensa inayogawa viti, na hamhitaji kuwa raia ili kuipigia simu ofisi ya mwakilishi na kuuliza swali.

Na nyinyi ambao ni raia: Texas haikuandikishi kwa chama. Siku ya mchujo unachagua mwenyewe karatasi ya upande upi unaitaka, na katika wilaya nyingi za ramani hii mpya mshindi ataamuliwa hapo kwenye mchujo, unaoanza Machi 3, si Novemba. Ukingoja Novemba utakuta wameshapakua.

Jumamosi hii mwingine anakuja ukumbini. Nimeshamwambia mwenyekiti kwamba nitauliza la kwanza. Nimeliandika: H.R. 1, Mei 22, 2025, ndiyo au la, na kwa nini. Akiniambia ni swali zuri nitaliuliza tena, na nyama zitangoja.