Kofia za nini, leteni mkaa

Wanaosema mtoto mchanga hana gharama kwa kuwa ananyonya tu, waje Uyole, huku Mbeya, mwezi wa saba kwenye baridi. Nepi za kitambaa unafua asubuhi, jioni bado mbichi. Unazikausha karibu na jiko, mkaa unaisha. Maji ya kumwogesha, mkaa. Uji wa mzazi, mkaa. (Na jiko usiliingize chumbani ukafunga madirisha, hewa yake inaua.) Ukichoka unakimbilia pampasi za kuuziwa moja moja, pigia hesabu paketi nzima, utajiona umeibiwa mchana kweupe. Halafu wageni wa kumwona mtoto, jamani, kila mmoja na kofia. Kofia! Mtoto ana kichwa kimoja. Shemeji, ukija Jumapili, beba hata debe la mkaa.