R ni Raleigh

Anayeijua Pemba anaijua njia ya zamani ya Chake kwenda Wete: unapanda, unashuka, mikarafuu huku na huku, na ukidhani kilima kimekwisha, kumbe kimekwenda kumwita mwenzake. Ndiyo njia niliyoishika na Raleigh ya ami, kanzu nimeikunja kiunoni, nawahi nikaha ambayo mimi ni mmoja wa mashahidi wawili. Baiskeli hiyo ami aliinunua kabla ya Mapinduzi ya 1964, yenye breki za fito na kengele ya kuamsha mtaa. Aliponikabidhi alinipa usia mmoja tu: "Mwanangu, pedali ya kushoto asikukazie mtu."

Basi hiyo hiyo ya kushoto ndiyo iliyoanza kucheza. Nikasimama penye barza ya njiani kuazima spana. Spana nilipewa, lakini haikukaa mkononi. Kijana mmoja (jina nalihifadhi, ana mke) alinipokonya palepale.

"Imelegea tu hii, yakhe." Akazungusha kulia. Pedali ikatoka.

"Ya kushoto hukazwa kwa kushoto," nikamwambia.

Barza nzima ikanitazama kwa huruma. Mzee mmoja akaniuliza kama nimefungua kinywa tangu asubuhi. Nikaiinua pedali, nikawaonesha herufi L iliyogongwa kwenye chuma chake, na R kwenye ile ya upande wa pili. Kijana akacheka.

"R ni Raleigh."

"Na L?"

Akafikiri kidogo. "L nayo imo humo humo kwenye Raleigh."

Hoja ikapita bila ya kupingwa.

Tundu za pedali pande zote mbili ni 9/16 ya inchi, nyuzi (mistari ile ya skrubu) 20 kwa kila inchi, kwa hiyo kwa macho huoni tofauti. Tofauti ni nyuzi zinaelekea wapi. Kijana akazungusha kulia, pedali ikakataa. Akaisindikiza kwa jiwe. Ilipokataa tena akachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana, wenzake wawili wakamshikia baiskeli, na chuma kikalia sauti ambayo mpaka leo ikinijia usiku nageuka upande. Pedali ikazama nusu, imeinama upande.

"Umeona? Imekaza!"

Kilima kilichofuata nikasimama juu ya pedali nipate nguvu. Ikang'oka. Mahali nilipotua kwenye fremu sipataji, ila barabarani niliokota pedali na nyuzi za chuma zilizojiviringa kama tambi. Safari iliyobaki niliimaliza kwa mguu mmoja, kilima baada ya kilima, wa kushoto unaning'inia. Daladala ya 606 ikanipita, utingo akatoa kichwa: "Mzee, mguu mwengine umeuweka rehani?"

Nilipoingia, kanzu ina grisi mpaka kifuani. Shekhe wa kufungisha akanitazama, akamgeukia baba wa bibi harusi: "Huyu ni shahidi wa nikaha au wa ajali?"

Kesho yake nikaenda kwa fundi, chini huko kwenye mteremko wa bandarini. Akagonga kotapini, ile pini inayoushika mkono wa pedali, akautoa mkono huo, akaubana kwenye jiliwa na kuchungulia tundu. Nyuzi za mbele zote zimekufa, ila za ndani, ambako pedali haikufika, bado hai. Akatafuta pedali kuukuu ya kushoto, chuma chake kigumu, akaikata mifereji kwa jiwe la umeme kuvuka nyuzi zake. Tayari kifaa cha kuchongea. Akaanzia upande wa ndani ili nyuzi nzima zimwongoze, matone ya mafuta, robo mzunguko kushoto, anarudi kidogo kumwaga vumbi la chuma, tena robo.

Nikamuuliza kwa nini Waingereza watutese hivi. Akanipa kalamu. "Ishike kwa ngumi legevu, kisha uizungushe ncha." Nikaizungusha. Kalamu ikabiringika kinyume na mkono wangu. "Na pedali ndivyo hivyo ndani ya tundu lake. Ingekuwa na nyuzi za kawaida, huku kushoto ingejifungua yenyewe unaendesha." Kama angekuwepo barzani siku ile, labda wangemsikiliza, ana ndevu.

Pedali mpya akaipaka grisi, ikaingia kwa vidole. Spana aliigusa mwisho tu.

"Nani alikukazia ile?" akaniuliza. Nikamsimulia, na habari ya R ni Raleigh. Akacheka mpaka akakaa.

"Namjua. Nitakuomba kitu, ndugu yangu."

"Nipite nimweleze?"

"La! Usithubutu kumsomesha. Wanangu wanakula kwa spana yake."