Mababu wa nani? Silaha ya kale katika uwindaji wa leo Marekani

Tangu mwaka 2010, jimbo la Missouri humruhusu mwindaji kuingia msituni msimu wa kulungu akiwa na fimbo na mikuki michache tu. Fimbo yenyewe ina urefu wa nusu mita hivi na kijindoano mwishoni. Kijindoano hicho hushika kitako cha mkuki mwembamba uliotiwa manyoya kama mshale, na mrushaji anapoupeleka mkono mbele, fimbo humwongezea urefu wa mkono ambao Mungu hakumpa. Mkuki wa gramu 100 hadi 200 huchomoka kwa mwendo wa mita ishirini na ushei kwa sekunde. Waazteki, wenyeji wa kale wa Mexico, waliita kifaa hicho atlatli, na jina limebaki hilohilo.

Pennsylvania nayo iliijadili silaha hiyo mwaka 2006, ikaikataa. Kulungu ni walewale wa mkia mweupe, nchi ni moja, majibu ni mawili.

Wanaoitetea huanza na mababu. Watu wa kale wa Marekani, wanasema, waliishi kwa silaha hii maelfu ya miaka, iweje leo iitwe ya kikatili? Ushahidi wa uwindaji wenyewe hauna shaka. Karibu na Folsom, New Mexico, mwaka 1927, ncha ya jiwe ilikutwa ingali katikati ya mbavu za nyati wa aina iliyotoweka zamani. (Aliyeigundua mifupa ya hapo ni George McJunkin, mchunga ng'ombe mweusi aliyezaliwa utumwani, baada ya mafuriko ya 1908. Alifariki 1922, wasomi hawajafika. Namtaja kwa kuwa sifa nyingi ziliwaendea waliokuja na sepeto baadaye.) Huko Naco, Arizona, mamothi mmoja, binamu wa kale wa tembo, alikutwa na ncha nane za jiwe za aina ya Clovis, jina la utamaduni wa wawindaji wa kale wa Marekani, ambazo umri wake ni takriban miaka 13,000.

Lakini mti huoza, jiwe ndilo hubaki. Kwamba watu wa Clovis walitumia atlatli ni jambo linalokisiwa kutokana na umbo la ncha hizo. Hata uwezo wa ncha zenyewe una ubishi. Miaka ya 1980, mwanaakiolojia George Frison alikwenda Hwange, Zimbabwe, wakati tembo walipokuwa wakipunguzwa, akawarushia mizoga mikuki yenye ncha alizoziiga za Clovis. Ilipenya ngozi, tena vizuri. Mwaka 2021 mwanaakiolojia Metin Eren na wenzake wakaja na hoja kwamba mbele ya ngozi, nywele na mafuta ya mamothi, ncha hizo zisingezama vya kutosha, na kwamba huenda nyingi zilikuwa visu vya kukatia nyama. Kwa hiyo anayesema “iliangusha mamothi, kulungu ni nini?” amejenga juu ya kiwanja chenye kesi. Kwa maoni yangu hakuihitaji hoja hiyo hata kidogo. Ngozi ya kulungu ni nyembamba, na jiwe kali lililofika moyoni au kwenye mapafu huua.

Tatizo liko kwenye neno “mababu”. Ardhi kubwa ya Missouri ilikuwa ya Waosage, taifa la wenyeji, ambao mikataba ya 1808, 1818 na 1825 iliwaondolea karibu yote. Anayerusha mkuki huko leo, mara nyingi, asili yake ni Ulaya. Kwa haki, Ulaya nayo ilikuwa na fimbo hizi: zimepatikana Ufaransa zilizochongwa kwa pembe za wanyama, za zaidi ya miaka 10,000. Kinachoniumiza kichwa ni kingine. Wenyeji wa bonde la Mississippi walipopata upinde, miaka elfu moja na mia kadhaa iliyopita, wengi wao waliiweka atlatli kando. Upinde humruhusu mtu kujificha nyuma ya kichaka na kuachia mshale bila kusimama na kutupa mkono mzima, ishara ambayo kulungu huiona mapema. Basi ukiwafuata mababu kwa dhati, utawafuata hadi pale walipoiacha.

Halafu kuna vijiji. Koster, kando ya mto Illinois, watu walijenga nyumba zaidi ya miaka 7,000 iliyopita bila kuwa na shamba la mahindi. Walikula samaki, kombe wa mtoni, njugu za miti ya porini na kulungu. Watson Brake, Louisiana, wawindaji na waokotaji walirundika vilima 11 vya udongo miaka kama 5,400 iliyopita. Hapa ndipo picha ya shujaa aliye peke yake na mkuki inapoharibika. Mwindaji wa Koster alikuwa na mto nyuma yake na njugu ghalani, kwa hiyo hakulazimika kurusha ovyo kwa njaa ya siku moja. Nadhani pia alikuwa na watu wa kumsaidia kufuata damu, na alianza kurusha tangu utotoni. Tunaona jambo kama hilo kwa Wahadzabe wa Tanzania: mshale wa sumu ukishampata mnyama mkubwa, kazi haijaisha, huanza subira na kufuata nyayo kwa saa nyingi. Mwindaji wa Jumamosi ana gari na Jumatatu ofisini.

Hilo ndilo wapinzani hulishika, na wana haki. Mkuki hauui kwa mshtuko kama risasi, huua kwa kumwaga damu. Ukipata paja badala ya kifua, mnyama hukimbia na kufa polepole asikoonekana. Mwaka 2016 Mmarekani mmoja alimchoma dubu mweusi kwa mkuki huko Alberta, Kanada, video ikasambaa, na serikali ya jimbo ikatangaza kwamba itapiga marufuku uwindaji wa namna hiyo. Uingereza imekwenda mbali zaidi, hata upinde hauruhusiwi kwa wanyamapori.

Ila wapinzani nao husahau jambo. Bunduki hujeruhi pia, na risasi iliyokosa shabaha husafiri zaidi ya kilomita. Mkuki uliokosa huanguka hapo karibu. Anayetaka kuua kwa atlatli hana budi kunyemelea hadi mita 15 au 20, na huo umbali huchuja watu: wengi hawafiki, na wasiofika hawarushi. Wanaoitumia ni wachache mno kuathiri idadi ya kulungu. Kumpiga marufuku huyu na kumwacha mwenye upinde wa kapi, yaani upinde wa kisasa wenye magurudumu ya kuvutia kamba, apige kutoka mita 60, kwa kisingizio cha huruma, ni kuchagua kinachoonekana kibaya kwenye video.

Mimi ningeiruhusu, lakini si kwa hoja ya mababu, na si kwa leseni tupu. Denmark humtaka mwindaji wa upinde apite kwanza mtihani wa shabaha. Wapenzi wa atlatli hawahitaji kutunga kipimo kipya. World Atlatl Association, chama chao kilichoanzishwa 1987, kina shindano ambalo kila mtu hurusha mara tano kutoka mita 15 na mara tano kutoka mita 20, alama za juu 100. Missouri ingeweza kuweka kiwango chake humo kesho. Hapo anayekosa duara la karatasi lililotulia angebaki uwanjani na karatasi yake.