Catherine Hill Bay: makaa yameisha, sasa pori ligeuke viwanja?

Catherine Hill Bay ni kijiji cha pwani huko Australia, jimbo la New South Wales, kusini kidogo ya Newcastle. Makaa ya mawe yalianza kuchimbwa pale 1873 na mgodi wa mwisho ukafungwa 2002, zikabaki nyumba ndogo za mbao za wachimbaji, jeti ndefu walikokuwa wanapakia makaa melini, na pori la mikaratusi limekizunguka kijiji. Sasa kampuni ya ujenzi iliyoshika ile ardhi ya mgodi ikataka kuweka nyumba zaidi ya 500, na kijiji chenyewe kidogo vile, ugomvi ukaanza.

Wanaotaka nyumba mi nawaelewa kabisa. Sydney bei hazishikiki, Newcastle nako zinapanda, mtoto wa mchimbaji akitaka kubaki alikozaliwa atakaa wapi? Na ni kweli pale palipokuwa na mgodi sio pori tena, palishachimbwa na kuvurugwa miaka na miaka. Halafu kampuni ikasema tukipewa kibali tunaikabidhi serikali kipande kikubwa cha pori kiwe hifadhi, yaani ukisikia haraka haraka unaona kila mtu kapata chake.

Lakini hapo kwenye kubadilishana ndo pananikera kweli. Waziri wa mipango wa jimbo alikubaliana na kampuni kwanza, halafu huyo huyo ndo akaja kuamua mradi upite au usipite! Wakazi wa ukanda ule wakaenda mahakamani, 2009 kibali kikafutwa na jaji akafika mpaka kutaja hongo ya ardhi, yaani ile ardhi ya hifadhi iliyotolewa ili kibali kipatikane. Baadaye mradi ukarudi upya ukapita, na nyumba zimejengwa.

Kuna na moto. Oktoba 2013 moto wa pori uliingia kijijini, ukaunguza majengo ya enzi za mgodi na sehemu ya jeti, sasa ukiongeza mamia ya familia pembeni ya mikaratusi lazima ujue siku ya upepo mkali watatokaje, hilo kwangu ni zito kuliko hata mandhari.

Mi naona wajenge palipochimbwa, sawa, ila pori lihifadhiwe kwa sababu linastahili, lisiwe bei ya kununulia kibali. Maana mgodi wa makaa wa Mt Arthur, wa kampuni ya madini ya BHP, ulio ukanda huo huo wa Hunter ilipo Catherine Hill Bay, umepangwa kufungwa 2030, na ardhi yake ni kubwa kuliko hii kwa mbali sana, so masharti ya nani anapewa nini yawekwe wazi sasa hivi kabla waziri yeyote hajasaini chochote na mtu.