Saa Nne na Dakika Arobaini

Karatasi yenyewe ninayo mpaka leo. Imechanwa kwenye daftari la mtoto, na juu yake pameandikwa kwa kalamu ya kijani: Kujaa 4:40. Kupwa 10:50. Hakuna asubuhi, hakuna jioni, hakuna usiku. Maneno mawili na tarakimu saba, na yalitosha kuniketisha matopeni saa tano nzima, mimi mtu wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, mjukuu wa mvuvi.

Aliyeandika ni shemeji, mume wa dada yangu. Ana miaka 18 Marekani, jimbo la Tennessee, na huko, akitoka kazini, anavua bass. Usimdhanie samaki wa bahari. Ni wa maji matamu, mdomo mpana kama mfuko wa saruji uliokatwa juu. Hata Kenya tunaye, yuko Naivasha tangu alipoletwa mwaka 1929. Shemeji alikuja Lamu mwezi wa tisa na fimbo ya futi saba, roda ya kukunjia mshipi, na sanduku la vyura wa mpira, ndio chambo chake.

Usiku wa kwanza, baada ya chakula, akatusomesha. Kwao mwezi wa tisa ndio joto linaanza kuvunjika. Maji ya ziwa yaliyokuwa nyuzi 27 au 28 yanateremka kuelekea 20, dagaa wao wanaacha kina na kuingia vijitoni, na bass anawafuata kujitia mafuta kabla ya baridi. Saa yake ni alfajiri mpaka jua lipande, kisha tena jua likizama. Mwanga ukiwa hafifu yeye yuko chini, anakiona kivuli cha windo juu yake, na windo halimwoni. Jua likisimama anarudi kivulini, chini ya magogo. Baadaye mwakani, majani yakishapukutika, mambo hugeuka: alfajiri maji ni baridi mno, adhuhuri ndiyo huwa nzuri.

Yote ni kweli. Ila ni kweli ya Tennessee. Kwetu mwezi wa tisa ni demani, kusi inalegea, na bahari haipoi. Ndiyo kwanza inatoka kwenye nyuzi 25 inaanza kupata joto. Na chewa wa mikokoni hana habari na alfajiri kama tumbo lake linagusa tope. Samaki wetu huenda kwa maji. Jua huja baadaye.

Nilipaswa kuyasema hayo. Lakini mtu ni shemeji, mgeni, na fimbo ya pili ameniletea mimi. Aliposema, "Shemeji, tutafute kijito, tuingie alfajiri," nikamjibu naam, nakijua kimoja kizuri.

Kijito chenyewe ni kile cha Takwa, kisiwani Manda, kinachopenya mikoko hadi karibu na magofu. Kila nahodha Lamu anajua sharti lake: kuingia na kutoka ni kwa maji makubwa tu. Maji yakipwa hakuna kijito, kuna ufa wa matope wenye kaa. Kwa hiyo nikamwomba shemeji aangalie simuni maji yanajaa saa ngapi, kwa kuwa yangu imepasuka kioo. Akaangalia, akaandika, akanipa karatasi.

4:40. Nikasoma kama alivyonifundisha mama: saa nne na dakika arobaini, asubuhi. Safi kabisa. Tunaingia saa kumi na mbili na maji yanayopanda, tunavua, na ikifika saa nne na dakika arobaini maji yamefurika, tunageuza. Yanapwa 10:50, saa kumi na dakika hamsini jioni, na wakati huo tuko nyumbani tunakula samaki.

Shemeji naye alikuwa ameandika saa ya Kizungu. Maji yanajaa saa kumi na dakika arobaini usiku, yanapwa saa nne na dakika hamsini asubuhi. Na hapa ndipo ustadi wa kosa hili ulipo. Saa yetu na ya Wazungu zinapishana saa sita. Maji kutoka kujaa hadi kupwa huchukua saa sita na dakika kama 12. Ukiikosea saa ya basi, utalikosa basi. Ukiikosea saa ya maji namna hii, hukosei kidogo: unaipata bahari nzima kinyume.

Usiku ule nikaenda kwa ami kuazima kidau chake cha futi 16, chenye mashine ya farasi 15. Alikuwa anatia udhu.

"Waenda na mayi gani?" akaniuliza.

"Ya asubuhi, ami. Yanajaa mpaka saa nne na dakika arobaini."

Akanitazama. Akatazama juu, mwezi wa 16 ulikuwa mweupe kama sahani. Akasema, "Haya. Tukua pondo. Na dumu la mayi ya kunwa." Nikaona ami amekuwa mkarimu.

Tulitoka gatini saa kumi na mbili kasoro robo. Bahari imejaa mpaka vidato, nami nikamwambia shemeji: ona, yameshakuwa hivi, na bado yanapanda mpaka saa nne! Mtu mzima aliyekulia pwani alitamka maneno hayo, kwa sauti.

Alama zilikuwepo zote. Mashua zilizofunga nanga huelekeza omo, yaani pua, kule maji yanakotoka, na asubuhi ile omo zote zilikuwa zimeipa bahari mgongo. Nikasema ni upepo. Ndani ya kijito, mashina ya mikoko yalikuwa na mkanda mweusi wa unyevu juu ya maji, kiasi cha dhiraa. Maji yanayojaa hukuta gome kavu. Gome likiwa limelowa juu yake, ujue yalikuwa pale na yameondoka. Nikasema ni umande. Hata majani makavu yaliyoelea yalikuwa yanakuja kwetu kutoka ndani, yanatupita, yanakwenda baharini. Haya sikuyatafutia sababu. Niliyaacha yapite.

Shemeji akafunga chura. Chura yule ameundwa vizuri, ndoana mbili zimelala mgongoni, ncha juu, asinase majani ya ziwani. Lakini mtu aliyemuunda hakuwahi kuona mkoko. Mrusho wa kwanza akaning'inia kwenye tawi. Wa pili ukazunguka mizizi miwili iliyojaa chaza, na chaza hukata mshipi kama wembe. Mimi nikatupa mshipi wangu wa mkono, ndoana namba 9, kipande cha ngisi, chubwi ya gramu 100. Hiyo ni chubwi ya maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo. Siku ya bamvua, bahari inaposhuka mita tatu na zaidi, utahitaji gramu 300 ndipo chambo kikae chini. Yangu ilichukuliwa na mkondo, kuelekea nje. Nikashangaa mkondo wa maji kujaa unaokwenda nje, kisha nikaongeza chubwi.

Maji ya bamvua hayashuki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanajivuta. Ya tatu na ya nne yanakimbia. Sisi saa ya tatu ilitukuta tunabishana kuhusu rangi ya chura. Saa mbili na dakika 20 kidau kikatoa sauti kama mtu anayekaa kwenye kochi la zamani.

Ukigusa tope maji yakiwa yanapwa, una dakika mbili. Inua mashine, kwani ukiiwasha itafyonza tope badala ya maji ya kuipoza. Watu na mizigo wahamie upande unaoelea. Sukuma kwa pondo urudi ulikotoka, tena upesi, kwa maana huko ndiko kina kiliko. Sisi tulisukuma kwenda mbele. Kwa nini turudi, na maji yanakuja? Tulijipeleka hatua thelathini zaidi ndani ya Manda, tukapongezana.

Saa tatu kidau kililala ubavu. Shemeji akashuka kukinyoosha, akazama mpaka paja, na alipotoa mguu, kiatu kilibaki. Kipo huko hadi sasa. Tope la mikoko halitaki usimame. Ukilazimika, lala kifudifudi juu ya ubao au pondo ujivute.

"Shemeji," akasema, "haya maji yanajaa saa ngapi?"

Nikatoa karatasi. Tukaisoma wote wawili, kila mtu kwa saa yake. Ilichukua muda kidogo, kisha akauliza kwa adabu sana, "Nne ya nani?"

Basi tukapiga hesabu. Kama umekwama muda wa saa mbili na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, utaelea muda wa saa mbili na nusu baada yake, si mapema. Tulikwama saa mbili na dakika 20, yanapwa saa nne na dakika 50, tutaelea saa saba na dakika 20. Tukala mahamri. Hapo nikaliona lile dumu la lita tano, limefungwa vizuri chini ya ubao wa tezi, nyuma ya kidau, nikaanza kumfikiria ami upya.

Saa nne akapita mvuna kaa, kulabu mkononi, kikapu kimejaa. Siku kama ile ndiyo siku yake. Alisimama kwenye mzizi akatutazama, fimbo mbili za Marekani, mguu mmoja mtupu.

"Mwangojea nini?"

"Maji."

"Ya yeo au ya kesho?"

Shemeji, ili kuokoa heshima, akamwonyesha chura. Yule bwana akamtazama, akamtumbukiza kwenye tundu lililokuwa karibu, akamtoa na kaa amemng'ang'ania kwa gando. Akaweka kaa kikapuni, akaturudishia chura. Huyo ndiye pekee aliyevua kwa chambo cha bass siku ile.

Saa saba na dakika 18 kidau kikatikisika. Mdomoni mwa kijito tukapishana na mashua ya watalii wanaokwenda magofuni, kwa saa yao sahihi, na nahodha akatusalimia kwa heshima iliyozidi kipimo.

Ami alikuwa gatini. Akakikagua kidau, akalitikisa dumu, tupu.

"Ami, ulijua. Mbona hukuniambia?"

"Nalikuuliza mayi gani, ukanijibu kwa dakika. Mtu mwenye dakika haambiwi."

Kisha akamgeukia shemeji, kwa upole. Akamweleza kuwa alfajiri anayoipenda ipo, ila ina siku zake. Maji huchelewa kila siku kwa wastani wa dakika 50, hivyo mwezi ukifika siku ya 20 yatajaa karibu na saa mbili asubuhi, na bamvua itakuwa imepungua nguvu. Hapo unaingia kijitoni gizagiza, maji yakiwa bado yanapanda, chewa wakitoka mizizini, na unatoka kabla hayajageuka. Atatupeleka mwenyewe.

"Tukutane hapa saa kumi na moja."

Shemeji akanitazama. Mimi nikamtazama ami.

"Ya kwetu, ami, au ya simu?"