Mnataka boda zitoke mjini, sawa, lakini watu wapite wapi?

Hii hoja haiishi Kampala, kwamba boda zitolewe katikati ya mji. 2020, boda ziliporuhusiwa kubeba abiria tena baada ya lokdauni, KCCA, mamlaka ya jiji, ilichora mpaka ramani ya eneo ambalo haziingii, na leo ukipita Kikuubo, mtaa wa biashara katikati ya mji, asubuhi utadhani hiyo ramani haikuwahi kuwepo. Wengi wanasema shida ni ukaidi wa vijana wa boda. Mi naona hapo ndo tunapokosea.

Wanaotaka zitoke hawasemi uongo, hilo nalikubali kabisa. Polisi walihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani Uganda nzima 2024, mwaka wa nyuma yake walikuwa 4,806, na wengi wao ni wa pikipiki na wanaotembea kwa miguu. Jamu ikikaza boda inapanda juu ya njia ya miguu, mama ameshika mtoto ndo anaipisha, tena pale ni pake. Halafu kuna utafiti wa hospitali ya Mulago wa 2010 ulioonyesha majeraha ya boda yanakula kiasi sawa na asilimia 62.5 ya bajeti ya idara ya upasuaji. Asilimia sitini na mbili na nusu! Hiyo namba nimekaa nayo sana. Watu wanaitoa kama ushahidi wa mwisho dhidi ya boda, lakini mi kila nikiirudia naona ni pesa tuliyokataa kuitumia barabarani tukaja kuitumia wodini. Helmeti ya abiria, taa, mahali pa kuvukia, njia ya miguu ambayo haijajaa magari yaliyopakiwa, hivyo vyote vingekuwa rahisi kuliko chuma cha kuunga paja. Kigali wana pikipiki za abiria, wanaziita moto, mpaka leo, wamezisajili na abiria anavaa helmeti.

Na hebu tuulize kwa nini mtu anapanda boda wakati anajua ni hatari, maana hakuna asiyejua. Mi nakaa Kisaasi. Nikitaka kwenda Makindye, upande wa pili wa mji, kwa teksi, yaani matatu au daladala, kwanza nasubiri ijae watu 14, ikijaa tunaingia jamu mpaka mjini, nashuka, nakata mji kwa miguu kutafuta teksi nyingine, nayo pia nasubiri ijae. Mji wetu umejengwa hivyo, barabara zote kubwa zinashuka kutoka vilimani kuja kukutana katikati, na za kuzunguka nje ukitoa Northern Bypass huoni nyingi. Sasa ukishuka barabara kubwa kuingia ndani mitaani lami inaisha, vinabaki vichochoro. Juzi mvua imenyesha, kijana aliyenibeba akapita kati ya kuta mbili, ukuta wa huyu na ukuta wa yule, akakunja vioo vya pikipiki ndo tukatosha, mi nimebana magoti yasikwaruzike na chini maji ya mtaro yanapita. Basi gani litafika pale? Boda imekuja kuziba pengo ambalo wapangaji wa mji waliliacha, halafu tunailaumu kwa kuwa pale.

Mabasi tulijaribu. Pioneer Easy Bus ilileta mabasi 100 mwaka 2012, watu wakafurahi kweli, lakini hayakupewa njia yao yakakaa kwenye jamu ile ile na teksi, na mwishowe yakakamatwa kwa deni la kodi. Dar waliyatengea mabasi ya Mwendokasi njia yake kabisa ndo yakaanza kubeba watu 2016, pamoja na matatizo yao yote. Sisi pesa kubwa tuliipeleka Entebbe Expressway, kilomita 51, ikafunguliwa 2018, boda haiingii, wa miguu haingii, na tangu Januari 2022 mwenye gari analipia. Sisemi haina faida, ila wengi wetu tunaofika kazini kwa miguu na kwa boda hatukuonekana kwenye mpango.

Kwa hiyo mi sipingi mji usio na boda, siku moja ningependa kutembea Luwum Street bila kuruka pembeni. Napinga mpangilio. Leteni kwanza basi lenye njia yake, tengenezeni njia za miguu, wekeni lami hata nyembamba kwenye vichochoro, steji, pale boda zinaposubiri abiria, zipewe mahali rasmi, kisha boda zibaki kubeba watu kutoka nyumbani mpaka kituo cha basi. Mkianza na kukamata pikipiki mnamnyang'anya kijana mkate na abiria mnamwacha pale pale kwenye tope.

Kwenye steji yetu kuna kijana amenunua helmeti ya pili kwa pesa yake, ya abiria. Wengi wanaikataa, wanasema imevaliwa na kila mtu na inanuka jasho. Anaiosha kila Jumapili na sabuni, anaianika juu ya kiti cha pikipiki, Jumatatu anaitoa tena.